Miaka sita bila kuulizwa

Siku ya kwanza, 3 Octobre 1955

Ubao! Edith, bibi ya Liévin, alinivuta kando ku robinet: bwana yangu Léonard alimuambia bwana yake, mbele ya chupa za pombe, eti bibi yake kitandani iko sawa ubao. Edith alifikiri ananisaidia. Nilirudi na ndoo nusu, maji ingine yote ilimwangika mu njia. Miaka sita ya ndoa. Mutoto mumoja, mimba mbili ziliharibika. Na miye ubao!

Siku ya pili, 4 Octobre

Nilipika bukari na sombe. Léonard alikula, akasema sombe iko muzuri. Karibu nimumwangie sahani ku kichwa.

Siku ya ine, 6 Octobre

Nilienda kwa tante Kunda, dada ya baba. Ni yeye alinifundishaka mbele ya ndoa, juma tatu mu nyumba yake: kumuosha bwana, kutikisa kiuno, kumushukuru kisha. Leo nilimuuliza: na miye, tante? Yangu iko wapi?

Alicheka. Kisha akafunga mulango. Akaniambia wazi: mwili ya mwanamuke haina haraka. Kuna fasi kadogo kule juu, sawa mbegu, ndiyo inaamusha yote. Bwana hawezi kuijua kama haumuonyeshi. Hakuna nsoni, hakuna haya mule.

Nilikasirika zaidi! Ulijua, ukaninyamazia?

Akasema, bila kuniangalia: "Miye mwenyewe nilijua kisha bwana yangu kufa. Peke yangu. Ningekuambia namna gani?"

Nilitoka bila kuaga. Nikalia mu njia — hasira, hapana huruma.

Siku ya sita, ya posho, 8 Octobre

Léonard alitoka kazi saa sita. Nilimungojea na neno moja: ubao. Kwanza alimutukana Edith. Nikasema acha Edith. Weye unakuja, unamaliza, unageukia ukuta. Hata siku moja haukuniuliza. Miye ninahesabu mabati ya paa, ninangojea umalize. Iko kumi na ine!

Alisimama.

"Nani alikufundisha hii maneno? Mwanaume gani?"

Mwanaume gani! Nikamuambia: ingekuwa mwanaume, haungeniita ubao. Alipiga mulango, akaenda.

Siku ya Mungu, 9 Octobre

Misa. Léonard hakupokea komunyo, wala miye. Kisha chakula Simone, mutoto yetu, alienda kucheza kwa jirani. Jua kali. Léonard alifunga dirisha, akakaa pembeni ya kitanda, macho chini.

"Basi, niambie."

Nilikuwa ningali na hasira. Nilikamata mukono yake, nikaiweka fasi ile tante alisema. Nikasema: polepole.

"Sasa?"

Bado.

"Sasa?"

Bado!

Nikaanza kusikia kitu — joto, mbali kidogo, lakini yangu. "Sasa?" Nikasema bado tena, na sauti ingine, sikuijua. Akatoa mukono! Alifikiri ninamuchekelea. Akavaa shati, akatoka inje. Pale pale! Ningemuuma.

Ninaandika na shuka mu kifua. Yeye iko mu kiwanja, anafungua cheni ya kinga, baiskeli yake. Ile kinga haikuharibika. Acha afungue, afunge, paka kesho.

Cheni imenyamaza. Iko ku mulango, nyuma ya pazia. Anauliza, majirani yote banasikia:

"Mama Simone, ile bado... ni bado ya kuacha, ao bado ya kuendelea?"

Mujinga! Ashushe sauti. Aingie, nimuambie —