Mwenzangu Bado

Mtaa wa Gerezani, 2 Machi 2025

Mchumba wangu Badria,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa goti, nalo lina akili zake. Wewe je, hapo chuoni Dodoma mnakula au mnasoma tu?

Umeniuliza maswali gani yaingie kwenye hiyo apu yako ya kuwatafutia wanafunzi watu wa kusafiri nao. Umeuliza pazuri! Enzi zangu za kupakia mizigo nimesafiri na watu mia tatu, mpaka Kigoma na kurudi, na hakuna hata mmoja aliyenichoka.

Haya, usinitolee macho. Kigoma nimefika mara mbili, na mara ya pili mwenzangu alihama behewa tulipofika Morogoro, kisa nakoroma. Lakini hata aliyekimbiwa ana elimu yake.

Anasoma nini, anapenda muziki gani, achana nayo hayo. Uliza akinunua mayai ya kuchemsha anakukumbuka, au anageukia dirishani na kutafuna peke yake. Uliza akisinzia kichwa anakitua kwenye bega la nani. Halafu uliza hili: basi limesimama porini, watu mmeshuka kuchimba dawa. Konda anagonga bodi, gari linaondoka, na wewe bado uko kichakani suruali mkononi. Huyo mtu atapiga kelele, "Mwenzangu bado!"? Kama hapigi, huyo ni abiria tu.

Kuruthumu, mama yake marehemu Salma rafiki yako, anakuulizia kila nikipita kwenye viatu vyake vya mitumba pale Mchikichini. Uliondoka siku ya pili ya msiba na hujarudi. Anasema wewe ndiye uliyekuwa na mwanawe kwenye basi, anataka tu kukaa na wewe. Njoo basi.

Karatasi hii Angela wa fotokopi ataipiga picha akurushie kwenye simu. Usijibu mambo ya siri, yule anasoma mpaka nukta.

Babu yako,
Twaha


Dodoma, 16 Machi 2025

Shikamoo Babu,

Pole na goti. Mimi sijambo, ila usingizi ndio shida. Barua hii anakuletea Euphrasia, tunakaa naye chumba kimoja na kwao ni huko, haishi kuja. Nimeifunga kwa gundi kwa sababu ya Angela.

Maswali yako niliwasomea wenzangu, tukacheka sana. Nilipofika lile la porini nikatoka nje.

Babu, mimi sikupiga kelele.

Siku ile ya Desemba mimi na Salma tulikuwa tumenuniana tangu Dodoma. Tuligombania kiti cha dirishani, akanishinda, nikaenda kukaa nyuma. Tulipopita Gairo basi likasimama, watu wakashuka. Konda akauliza, "Wote wamo?" Nilikiona kiti chake kitupu. Nikanyamaza. Nilitaka akimbie kidogo, watu wamcheke, basi. Gari likaondoka, akakimbia kweli. Akakatiza barabara, na lori lilikuwa linakuja.

Niliwaambia wote kwamba nilikuwa nimelala. Mama yake ndiye aliyenifuta machozi.

Programu hii nimeianza kwa ajili yake, hilo hakuna anayelijua. Nakuomba Babu, nenda Mchikichini ukamwambie wewe. Mimi siwezi.

Mjukuu wako,
Badria


Gerezani, 24 Machi 2025

Mjukuu wangu,

Nimeipata. Nimeisoma mara tatu, kisha nikaichoma kwenye jiko la mkaa.

Nilikwenda. Kuruthumu akanipa kigoda, akaniagizia kahawa. Nikafungua mdomo nikasema, "Mama Salma, nina neno." Akasema, "Sema, mzee wangu." Unajua nilisema nini? "Hivi viatu vyeusi ni namba ngapi?" Nimerudi navyo, vinanibana. Ulimi wote huu nilionao, siku ya kazi umelala.

Sikutanii leo. Neno lile si langu. Nikilisema mimi, atakuja kulisikia tena kwako, na atazika mara mbili.

Namkabidhi Euphrasia barua hii. Kula chakula.

Babu


Dodoma, 20 Aprili 2025

Shikamoo Babu,

Natumai u mzima. Mimi nimepungua, lakini nakula.

Swali lako nililiweka kwenye programu: "Basi likianza kuondoka na mwenzako hajarudi, utafanya nini?" Wamejibu wanafunzi mia mbili na kumi na wawili. Wote wamesema watapiga kelele mpaka lisimame. Wote, Babu. Na mimi ningeulizwa Novemba, ningejibu hivyohivyo.

Mwalimu anayenisimamia ameisifu, anasema inapanga watu vizuri. Nimemwambia siendelei nayo.

Ijumaa ya tarehe 2 Mei nakuja. Nitaanzia Mchikichini, maana nikiuona uso wako kwanza nitaghairi.

Badria wako


Gerezani, 1 Juni 2025

Badria,

Sijambo. Goti halijambo. Siku ile nilinunua samaki soko la Feri, nikakaa mlangoni mpaka alasiri. Hukuja. Angela alikuona unashuka kituo cha mwendokasi hapa, umejifunika mtandio hadi puani, ukavuka ukapanda jingine la kurudi stendi ya mabasi ya Dodoma.

Wiki ya pili Kuruthumu alikuja hapa mwenyewe. Hakukaa. Akasema, "Alinieleza yote, nikamuuliza kitu kimoja tu. Mwanangu alikufa bado kamkasirikia yeye? Akasema ndiyo. Nikamwambia asikanyage tena kwangu." Halafu akaniangalia. "Na wewe mzee ulijua, ukanunua viatu." Tangu hapo nikipita anageukia mizigo yake, na mimi nimeacha kupita.

Sitakuambia atakusamehe. Simjui Mungu wake amemwambia nini. Ulilofanya Desemba ni baya, na sina neno la kulipunguza, nimetafuta. Ila ulilofanya Mei mimi mtu mzima lilinishinda, nimekaa kigodani nikanywa na kahawa ya watu.

Simu yako Angela anasema imezimwa. Hii nimempa Euphrasia, ameapa kuiweka kitandani kwako.

Kuna jambo moja na mimi nadai. Ulipita hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu, mtoto niliyemlea, ukaondoka hujanisalimia. Nakudai shikamoo. Ilete hata kwa simu ya Angela, hata usiongeze neno lingine mbele yake.

Babu yako,
Twaha