Sufu ya Jogoo wa Mama

Rubongi, Tororo
8 Juni 2025

Mpendwa wifi yangu Carol,

Habari za huko Leeds? Baridi imepungua, au bado mnavaa makoti ndani ya nyumba? Mgongo wako unaendeleaje, na Bridgit mdogo ameanza kutembea? Sisi hapa wazima. Mahindi yamesimama vizuri, na kaka yako Owori amepona ile malaria iliyomsumbua.

Kwenye simu ulisikia tu kwamba Mama amepasuliwa jicho na sasa anaona. Hukusikia ilivyoanza. Ilianza kwa uzi.

Unajua kabla macho yake hayajaingia ukungu alikuwa fundi wa kudarizi. Mwaka huu kanisa liliomba mito ya kupigia magoti, naye akaamua kwamba mimi nitashona na yeye ataniongoza: jogoo mmoja mkubwa, kwenye kitambaa cha matundu, kwa uzi wa sufu. Tukaenda Busia, tukavuka upande wa Kenya hadi kwa Emmy muuza nyuzi.

Wifi, sikujua uzi una mambo mengi hivyo! Mama aliusokota kati ya vidole, akauvuta, akaugusisha mdomoni. "Hii si ya kondoo," akasema. Emmy alicheka, akachoma ncha kwa kiberiti. Ikayeyuka ikawa kitone kigumu, plastiki tupu. Uzi mwingine ulinuka nywele zilizoungua, na huo ndio sufu yenyewe. Tena si kila sufu inafaa. Nene ilikwama kwenye matundu ikatoka manyoya. Nyembamba iliacha kitambaa cheupe kinachungulia. Mama alipapasa kila mshono niliojaribu, mpaka akapata uzi unaojaza tundu sawasawa.

Tukakwama kwenye rangi. Emmy alitandaza nyekundu za kila namna.

"Ile ya kichwa ya jogoo ni gani?" Mama akauliza.

"Hii hapa, kama nyanya," nikamwambia.

"Nyanya ya kuiva kabisa, ama ile inaanza?"

Emmy alitaka tuchukue iliyofanana na damu, mimi nikang'ang'ania ya nyanya, tukabishana Mama akiwa katikati yetu, mikono imetulia juu ya nyuzi. Tuliondoka bila kununua.

Tulipofika mpakani akanishika mkono. "Nereah, daktari ya macho bado anakuja Tororo? Nipeleke. Nataka kuona mimi mwenyewe."

Unakumbuka alivyokataa tangu jirani yetu Akumu apasuliwe akarudi haoni kabisa. Owori alimbembeleza, wewe ukalia kwenye simu, wapi!

Siku ya upasuaji Owori alikaa nje ya wodi. Mimi nilikuwa nawaza, mambo yakiharibika nitamwambia nini Carol? Kesho yake asubuhi bandeji ilipotolewa, Mama alitazama mikono yake, mbele na nyuma, kisha akanigeukia. "Gauni yako iko na maua. Hakuna mtu aliniambia."

Tulicheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini.

Alipopata nguvu alitaka turudi kwa Emmy. Alizitoa nyuzi zote nje, kwenye jua, akachagua ile ambayo sisi wawili hatukuigusa, imefifia kama tofali. Emmy akamwambia hiyo si nyekundu. "Jogoo mwenyewe hana hiyo nyekundu yenu," Mama akamjibu. Nimeishona, wifi, na ni kweli: jogoo anakaribia kuwika.

Sasa picha ya Bridgit haimtoki mkononi. Ameanza mto mwingine, wa nyumbani, wenye uso wa mjukuu wake, lakini anasema simu inadanganya rangi: leo mtoto mweusi, kesho wa maji ya kunde. Kwa hiyo binamu yako Barbara anakuletea barua hii pamoja na vipande vya sufu ya kahawia. Mtoe mtoto nje siku ya jua, uviweke shavuni mwake kimoja kimoja. Kile kitakachopotea usikione, turudishie hicho.

Owori anakusalimu sana, na jirani yetu mzee Oketcho pia. Mungu awatunze nyote huko ugenini, na mikono yenu isikose kazi.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye siku zote,

Nereah