Springi za Kumhamisha Mume Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Amesema. Asubuhi, mbele ya sinki, mikono ina unga hadi viwikoni — anahamia kwa mama yake, kule milimani, na tanuri lake analibeba. Si likizo. Si kumuuguza mtu. "Sikuchukii," anasema. "Nimeishiwa tu." Kana kwamba ni mtungi wa gesi!

Sikulia. Niliuliza tanuri litafikaje. Mtu akiachwa huuliza mambo ya ajabu. Hakuwa amefikiria. Mume wangu anaoka mkate unaoliwa mtaa mzima, lakini gari hajui kuendesha. Dereva wa nyumba hii ni mimi, na pikapu ni yangu.

Nikajisikia nikisema: nitakuvuta mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni

Tumejaribu. Tumefunga nyuma ya pikapu tela yake ya kuokea mikate, na vyote vilivyomo — tanuri la chuma, meza, magunia ya unga. Pikapu ikakaa kitako kama mbwa. Pua juu, taa zinamulika mawingu. Nilizunguka mtaa tu, usukani umekuwa mwepesi hauna habari na barabara, na tela huko nyuma inatikisa mkia. Nilirudi jasho linanitoka. Tumezoea kuivuta hadi sokoni, polepole, tena karibu tupu. Ule mlima ni habari nyingine.

Dada kapiga simu. Nina wazimu, anasema. Mwache akodi lori! Mwanamume anakuacha, wewe unamtengenezea njia? Nikamwambia simu inakatakata.

Jibu ninalo, nalisema hapa tu. Nataka yale masaa ya njiani. Hawezi kushuka gari likiwa linakwenda.

Alhamisi, 6 Juni

Kwa fundi. Wanamwita Bubu, kwa sababu hanyamazi. Alichuchumaa nyuma ya gurudumu, akagonga springi, akacheka: hizi zimelala, mama, kama godoro la gesti! Ameongeza bamba refu la springi kila upande chini ya yale ya zamani, shokapu mpya, na bolti ndefu za kuyabana mabamba kwenye ekseli. Halafu akaninyooshea kidole. "Springi hazifungi breki, mama. Gari likisimama sawa usidhani limeongezewa nguvu. Uzito wa kuvuta ni uleule wa kiwandani." Kwa hiyo tela nayo imefungwa breki zake. Tukaipima kwenye mizani ya wauza kokoto. Imezidi! Magunia ya unga yabaki kwangu, basi. Na tanuri litoke kule nyuma mlangoni, lije juu ya magurudumu ya tela, mbele kidogo. Uzito ukikaa nyuma, anasema, tela inakuyumbisha mpaka inakutia korongoni.

Kisha akauliza, mnahamia wapi? Mnahamia! Nikasema milimani. Kule baridi, akasema, mtalala mmekumbatiana — huku anakaza nati, hana habari. Nilikwenda nyuma ya karakana nikasimama huko mpaka uso ukakauka.

Ijumaa, 7 Juni

Tumesogeza tanuri, mimi na yeye. Kwa mtaimbo, na vipande vya bomba chini yake. Taratibu. Kwako. Shusha! Mwaka mzima hatujaelewana hivi. Likambana kidole, nikakitia mdomoni mwangu kabla sijafikiri. Hakukitoa haraka. Halafu akakitoa.

Mama mkwe kapiga simu yangu, si ya mwanawe. "Mwanangu, chumba chenu nimekitandika." Chenu! Hajamwambia. Nilimtazama. Akainama, akaanza kukusanya mabomba.

Nikasema ahsante, mama.

Jumapili, 9 Juni

Njiani. Nimeegesha pembeni, nimeweka mawe kwenye magurudumu.

Pikapu imetulia kama meza. Kwenye ule mteremko mrefu nilirudisha gia, breki za tela zikashika, hakuna kuyumba hata chembe. Lori likatupita, upepo wake ukatupiga ubavuni. Wapi! Na mimi, mjinga, nilitamani iyumbe. Kidogo tu. Tuogope, turudi.

Alikuwa anatazama kioo cha pembeni. "Umeifunga vizuri, mke wangu."

Limemtoka lenyewe. Alilisikia, nikalisikia. Wote tukatazama barabara.

Mbele sana akauliza, taratibu: mama nitamwambia nini? Nikamwambia, hilo donge ni lako, kanda mwenyewe. Akacheka — alicheka kweli, kile kicheko chake cha zamani! Kisha kikakatika, akageukia dirisha.

Asubuhi Bubu aliniambia springi zikishatembea huwa zinajiweka, tusimame tukaze bolti tena. Nilishika spana, mume wangu akanipokonya. Wewe pumzika, umeendesha. Akaingia chini ya gari. Ndiyo maana naandika, daftari liko juu ya usukani. Kwenye kioo naona viatu vyake tu, unga umeganda kwenye mishono. Alianza kwa nguvu, gari zima likatikisika. Bolti zenyewe ni chache. Alitakiwa awe amemaliza.

Spana imenyamaza kitambo. Viatu havisogei. Nimeteremsha kioo cha mlango nisikie — mtu anavuta kamasi kule chini, anajizuia, anavuta tena.

Nimefungua mlango. Mguu mmoja uko nje.