Binti wa Simgeui

Nyumba ya kona,
nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, 9 Machi 2014.
Asubuhi: mawingu mazito, upepo wa kufungia madirisha, mvua bado.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi kwenye kiti chako karibu na dirisha, si kitandani, na kwamba lile goti limekubali kukunjika. Je, miwani mipya inakufaa, au bado unasomea ile ya marehemu Baba Mdogo? Nimeandika herufi kubwa kubwa kwa sababu hiyo.

Sisi hapa hatujambo kwa kiasi chetu. Dada yako bado miguu inamjaa, na tangu mwezi uliopita anakula nusu sahani. Muuguzi huja Jumanne na Ijumaa. Akimpa vidonge, Mama hufumba mdomo na kusema, "Sisi wa Simgeui hatugeuzwi!" Muuguzi humjibu, "Haya, mama yangu, usigeuke, meza tu." Kisha wote wawili hucheka na vidonge hupita.

Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho uliitikia "ndiyo, ndiyo" hata nilipokuuliza ni nani aliyefariki. Jambo nililo nalo linataka jibu la kweli.

Unakumbuka nilivyokuandikia mwaka juzi kwamba nimempata baba yake Bibi Sindano. Nilikwenda kwenye ofisi ya kumbukumbu miezi saba mfululizo, kila Jumatano, hadi nikaliona jina la bibi yenu kwenye daftari la ndoa la mwaka 1893. Bwana harusi: fundi viatu. Bibi harusi: Sindano. Baba wa bibi harusi: Simgeui. Nililinakili kwa penseli, maana kalamu za wino haziruhusiwi mle, nikalirudia kwa sauti hadi mama anayehudumu pale masjala akaniletea maji.

Mama alilipenda jina lile kuliko zawadi yoyote niliyowahi kumpa. Alisema ni jina la mtu mwenye msimamo, na ndiyo maana ukoo wetu una wabishi kuanzia kwake hadi kwako. (Ni yeye aliyesema, mimi simo.) Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kuzima taa, huniambia nimsomee ukoo kutoka kwenye kadi zangu. Naanzia kwake, napanda kwa mama yenu, namalizia, "Sindano, binti Simgeui." Ndipo anapogeukia ukutani na kulala.

Wewe wajua nisivyoweza kuacha kazi katikati. Niliendelea kutafuta. Katika daftari lile lile nikapata mabibi harusi wengine ambao baba yao ni Simgeui, wawili kwanza, kisha watano. Kufikia Julai mwaka jana nilikuwa na kadi thelathini na moja, zote za ndoa za miaka sita. Mama alicheka hadi akakohoa. "Mzee wetu alikuwa hapumziki!" alisema. Mimi nilichora mti wenye mabinti thelathini na mmoja, nikawatafuta wajukuu na vitukuu vyao. Mmoja tu aliitika.

Huyo ni fundi saa wa ile barabara ya posta ya zamani, mzee wa miaka sabini na mbili, hana mke wala ndugu. Bibi yake naye ni binti Simgeui. Tangu Agosti huja kila Jumamosi, hutia ufunguo saa yetu ya ukutani ambayo haihitaji kutiwa ufunguo mara nyingi hivyo, kisha hukaa kando ya kitanda. Mama humwita "mdogo wangu". Yeye humwita "dada", na neno hilo hulitamka polepole, kama mtu aliyelisubiri muda mrefu. Akiwepo, Mama humaliza sahani.

Sasa nifikie Jumatano iliyopita.

Nilikuwa nahakiki kadi. Miaka yote miwili nilinakili safu za majina tu. Safu ya siku sikuishughulikia, kwa kuwa tarehe za namba zilinitosha. Yule mama wa masjala alisimama nyuma yangu akitafuna penseli yake, akaangua kicheko. "Hebu ona huyu karani! Alisomea wapi? Jumatatu kaandika *Geumatatu*! Na hapa, *Geumanne*!"

Nilicheka naye. Halafu nikaacha kucheka.

Karani yule alikuwa mgeni wa lugha yetu, Mama Mdogo. Aliandika kwa masikio. Kila aliposikia "ju" aliweka herufi tatu: g, e, u. Nilirudi kwenye ukurasa wa Bibi Sindano nikaweka kidole juu ya jina la baba yake, nikalisoma kama alivyolisikia yeye.

Simjui.

Alimuuliza, baba yako nani? Naye akajibu, simjui. Karani akaandika. Akamwita anayefuata.

Mabinti thelathini na mmoja, baba mmoja, na baba huyo hajawahi kuzaliwa. Nilizipanga kadi zangu ndani ya boksi la viatu kwa mpangilio ule ule wa tarehe, kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Tangu hapo najiuliza kama bibi yenu kweli hakumjua baba yake, au alimjua ila hakuona sababu ya kumtaja mbele ya mtu asiyemjua. Daftari halisemi. Nimelitazama hadi macho yakauma, halisemi.

Mama sikumwambia. Nilimwambia fundi saa kwanza, jana asubuhi, dukani kwake, kabla hajaja kwetu. Alisikiliza hadi mwisho akiwa na kile kioo chake cha kukuzia bado jichoni. Kisha akakisukuma hadi kwenye paji la uso.

"Kwa hiyo bibi yangu na bibi yenu waliulizwa swali moja," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Wakatoa jibu moja."

"Ndiyo."

"Basi angalau hilo wanalo pamoja." Alichukua saa ya mteja, akaiweka sikioni, akairudisha mezani. "Sasa niambie, binti yangu. Leo nije, nisije?"

Mama Mdogo, nilisimama pale saa zote za dukani zikinigongea, nikaondoka bila hata kuaga. Na yeye hakuja. Mama aliuliza mara nne. Nilisema ana mafua.

Si hilo tu. Mama amenituma kwa mchonga mawe. Anataka kaburi la Bibi Sindano, lile la saruji tupu, liwekwe jiwe lenye jina lake na la baba yake, na analitaka kabla ya yeye mwenyewe kuondoka. Hivyo ndivyo anavyosema, bila kuficha, kama mtu anayepanga safari ya Alhamisi.

Jana mchana nilikwenda. Nilidhani nitapata la kusema nikifika. Mchonga mawe alizima mashine, akapangusa vumbi kwenye nyusi, akatoa penseli sikioni na kipande cha kadibodi.

"Haya, taja."

"Sindano binti," nilisema, nikakwama.

"Binti nani? Jiwe haliwezi kuishia hewani, mama."

Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukajibu: "Simjui."

Akaandika.

Nilimwona akiliandika, herufi moja baada ya nyingine, kwa mwandiko mzuri, hata akauliza kama ni neno moja au mawili. Huyu ni mtu wa lugha yetu, lakini amechonga majina ya kila namna, wala hashangai tena. Nilimwomba afute. Alifuta kwa kidole gumba, ikabaki alama nyeusi, akanipa hadi mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, maana sina mwingine wa kumuuliza. Ulilala kitanda kimoja na Bibi Sindano hadi ulipokuwa na miaka kumi na miwili. Je, usiku hakuwahi kutaja jina? Hata nusu ya jina, hata jina la utani, hata tusi alilokuwa akimtukania mzee huyo? Ukikumbuka chochote, niandikie. Usipokumbuka, niandikie pia, lakini usinitungie. Nimeshatunga vya kutosha.

Na uniambie, wewe unayemjua dada yako: nimwambie, au nimwache na babu yake?

Nisalimie Kaka Mrefu na mkewe, yule fundi cherehani wenu mwenye vicheko, na mapacha. Mwambie jirani yako Bi Mdogo kitambaa chake kimefika na rangi haikutoka. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na goti lako, akuache ukae dirishani miaka mingi.

Ni mimi mwanao nikupendaye, niliyeishiwa na kadi,

Mtoto wa dada yako.

Jumatatu, 10 Machi, kabla ya posta kufunguliwa. Mvua imenyesha, sasa imetulia.

Nafungua bahasha kukuongezea haya. Jana jioni Mama aliniita nimsomee. Nilitaka kusema kadi zimelowa. Nikasoma. Nilipofika kwa Sindano nikafunga boksi la kadi, naye akamalizia mwenyewe: "Binti Simgeui." Akanishika kifundo cha mkono.

"Unaona," alisema, "sikuwahi kumwona hata siku moja. Lakini huyu mzee namjua."

Akageukia ukutani, akalala. Mimi nilipata usingizi saa saba na dakika kumi za usiku.