Heringi ya Gunvor

Smögen, 3 Mei 1987

Mwanangu Ylva,

Hujambo huko Kiruna? Mimi nipo, goti tu linanisumbua. Mwaka jana sikukuu ya kiangazi nilikula heringi ya dukani, samaki wale wa siki, na jirani Assar, tukatazamana kama wafiwa. Mwaka huu naitengeneza mwenyewe, kama ya marehemu mama yako. Daftari lake la mapishi ulilichukua wewe. Ninakilie ukurasa wa heringi. Na uje, kama kazini watakuruhusu.

Baba yako

Kiruna, 17 Mei

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, ila nimechoka. Wodi imejaa wazee na wauguzi tuko wawili. Daftari nimelipekua lote, ukurasa wa heringi haumo. Loweka samaki wa chumvi usiku kucha. Halafu siki kikombe kimoja, sukari viwili, maji vitatu, vitunguu na karoti.

Kuja, usinitegemee. Kiangazi kile tulichomzika Mama nilikuandalia heringi, ukaisukuma sahani mbele ya watu. Ukasema, "Hii mpeni paka. Heringi ya nyumba hii imekufa na Gunvor." Sijasahau.

Mwanao

Smögen, 26 Mei

Mwanangu,

Natumai umepata kupumzika kidogo. Siku ile nilikuwa na msiba, Ylva. Lakini siwezi kukudanganya, ladha haikuwa ile.

Yangu ndiyo balaa. Assar alitafuna kipande kimoja, machozi yakamtoka, akaenda kutema nje. Kumbe siki niliyotia ni ile kali, ya kuzimuliwa kwanza. Miaka arobaini nimemnunulia mama yako chupa hiyohiyo, wala sikuwahi kumuuliza anaifanyaje. Alikuwa anafanyaje?

Baba yako

Kiruna, 4 Juni

Baba, shikamoo.

Sijui alikuwa anafanyaje. Vidole vya Mama vilivimba nikiwa na miaka kumi na minne, hata kisu hakushika tena sawasawa. Tangu hapo heringi nilitengeneza mimi, kila mwaka, wewe ukiwa baharini. Hata baada ya kuhamia huku nilikuwa naomba likizo, nakuja siku tatu kabla. Mama alinisihi nisikwambie. Aliogopa utamwona hafai kitu.

Miaka ishirini ulilamba vidole ukimsifu, "Gunvor, mikono yako!" Mimi nimesimama hapo na sahani. Ile uliyompa paka ilikuwa heringi ileile, Baba.

Sina hasira tena, nimechoka tu. Mambo ya heringi tuyaache.

Mwanao

Smögen, 11 Juni

Mwanangu Ylva,

Sijui nikusalimu vipi. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kisha nikaenda kwa Assar na mkewe, kwa kuwa wao walikuwepo mezani siku ile. Nikawaambia heringi yote ile ilikuwa ya Ylva. Mkewe akasema, "Tulijua sote, Ragnvald. Ulikuwa hujui wewe tu."

Nimeona aibu. Nisamehe, mwanangu.

Najua umesema tuyaache, lakini nimeloweka samaki wengine. Kutoa miiba samaki kumi na wawili kumenila siku nzima, mgongo hauna hali. Wewe ulikuwa unatengeneza sitini. Usipokuja, sahani yako nitaiweka vilevile.

Baba yako

Kiruna, 14 Juni

Baba, shikamoo.

Pole na mgongo. Zimua siki nusu kwa nusu kabla ya kuipima. Ichemshe na sukari na maji, uiache ipoe kabisa ndipo umwagie samaki. Ukiharakisha watalainika.

Nafika Alhamisi jioni kwa basi. Jikoni siingii. Safari hii nitakaa mezani, wewe ndiye utakayesimama na sahani. Hata ikiwa mbaya nitaila, paka atafute yake.

Mwanao
Ylva