Jina Lililoitwa Mara Tatu

Ancud, Chiloé,
Jumatatu, 14 Julai 2008.

Mpendwa kaka Heriberto,

Salamu zangu zivuke maji na nyika zote zile za upepo hadi hapo Río Gallegos. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, na kwamba wifi Mirta hasumbuliwi tena na kile kikohozi cha mwaka jana. Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala. Ukiniuliza hali, hiyo ndiyo hali, nyingine sina.

Barua yako ilifika salama pamoja na ile sufu, na Yasna ameshaanza kujifumia soksi. Mvua haijakatika tangu mwezi uliopita, na viazi tulivyohifadhi darini vimeanza kuota. Shemeji yako Leoncio hatoki nje. Anakaa karibu na jiko, chai inapoa mkononi, na ukimsemesha leo anakujibu swali la juzi.

Uliniuliza ilivyotokea, maana kwenye simu nilishindwa kusema. Ilikuwa Aprili. Bomba la moshi la mama Clorinda, yule mjane wa mtaa wa juu, lilishika moto. Kuni mbichi, kaka, kama kawaida yetu: mvua inatuwahi kabla hazijakauka, tunazisukumiza jikoni hivyo hivyo, na masizi yanajaa bombani. Amaro alikuwa mezani, mdomo umejaa chapalele za viazi nilizochemsha, king'ora cha zimamoto kikalia. Nikamwambia, "Maliza kula kwanza, we mtoto! Huo moto ni mkeo?" Akacheka. "Mke angenisubiri, mama!" Akatoka mbio huku anavaa koti.

Alipanda paani na mpira wa maji. Vile vigae vya mbao kwa juu vilionekana vizima, kumbe kwa chini vilikuwa vimeoza. Paa likakatika, akaanguka mpaka sakafuni na kuvunjika uti wa mgongo. Moto wenyewe haukuwa mkubwa, waliuzima upesi. Nyumba ya Clorinda ipo mpaka leo, na bomba jipya imewekewa.

Wakampeleka hospitali Puerto Montt, akalala huko wiki nyingi. Wenzake wa kikosi walikwenda kwa zamu, watu wasiolipwa hata senti kwa kazi ile, kila mmoja na ruhusa aliyoiomba kazini kwake. Aliwatania kama ulivyokuwa unatania wewe. "Nani amekalia kiti changu kwenye gari? Nikirudi nikute amekipangusa!" Mapafu yake yalipoanza kujaa maji, utani ukaisha. Alasiri moja akaniambia, "Mama, nimechoka kulala chali." Hilo ndilo neno lake la mwisho nililolielewa.

Nina hasira, kaka. Nina hasira na mvua, na lile paa, na kila anayeniambia nimezaa shujaa. Waliokuja kutupa pole walisema Mungu huwachukua walio bora. Basi si angenipa mwana mbaya, akaniachia! Wewe ndiye uliyempa kofia yako ya zimamoto siku ulipohama, akalala nayo kitandani. Sikulaumu. Nakulaumu kidogo, halafu naacha.

Sasa niseme la jana, maana najua ndilo unalolingoja.

Wiki iliyopita kapteni Ulloa alikuja nyumbani. Akavua kofia, akakaa, akaikunja mikononi kama kitambaa. "Mama Orfelina, Jumapili tunaita majina. Desturi unaijua. Aliyekufa kwa ajili ya kazi hatumwondoi kwetu. Jina lake likiitwa, watu wa damu yake wanaitika kwanza, 'Yupo!', kisha kikosi kizima kinafuata. Ni mara hii moja tu. Baada ya hapo tutamwitikia sisi, daima."

Nikamuuliza, "Na nisipoitika?"

"Jina lisiloitikiwa huitwa mara tatu, mama, kisha tunaliacha. Lakini halijawahi kutokea hilo."

Wewe nawe uliniandikia niitike, ili mpwa wako asife mara ya pili. Nililisoma neno lako mpaka karatasi ikalegea. Nikisema yupo, ninasema uongo mbele ya watu, tena uongo juu ya mwanangu. Nisiposema, mimi mwenyewe ninamfuta. Leoncio akaniambia, "Sema tu, mke wangu. Ni neno moja." Nikamjibu, "Basi liseme wewe." Akageuka kuchochea jiko.

Jana tukaenda kituoni, tukawekwa mstari wa mbele. Kapteni akaanza kuita. Kila aliyeitwa aliitika, "Yupo!", na kila sauti ilikuwa na mtu wake: huyu ana mafua, yule ana ndevu mpya. Nilikuwa nimekata shauri kuitika, kaka, nakuapia kwa kaburi la mama yetu.

"Amaro Cárcamo!"

Nikafungua mdomo. Likatoka, "Hayupo."

Kapteni akaita tena. Yasna alinibana mkono, akaninong'oneza, "Mama, sema. Mama, tafadhali." Mdomo ukakataa. Akaita mara ya tatu, na safari hii sauti yake ilikatika katikati ya jina. Leoncio alikuwa analia wazi, bila kujifuta. Wale vijana wote walinitazama, wale waliokula mezani kwangu, na hakuna aliyethubutu kuitika juu ya mama mzazi. Kisha kapteni akaita jina lililofuata.

Tulipotoka, Clorinda alinishika mkono mlangoni. "Mimi na uzee wangu huu nipo," akasema. "Kwa nini mimi nipo, Orfelina?" Nikamwacha amesimama mvuani.

Utanikasirikia, na una haki. Labda kikosi kitakuandikia wewe, kwa kuwa ulikuwa mwenzao, uwaombee kwangu nafasi ya kuliita tena jina lake. Fanya uonavyo. Ila mimi usiniandikie kwamba yupo moyoni. Moyoni si mahali ninapomtaka. Namtaka mezani, anakula.

Msalimie sana wifi Mirta, na wanao, na jirani yule aliyekuja nawe Krismasi ya mwisho. Bikira wa Candelaria awakinge na upepo wa huko, asiwaonyeshe alichonionyesha mimi.

Huku wanakusalimu Leoncio, na Yasna. Kalamu imesimama hapa, kaka. Miaka yote hii, kwenye kila barua, hapa niliandika majina matatu.

Dada yako akupendaye,
Orfelina