Chakula cha Msiba Wangu

Rujewa, Mbeya

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, ila vumbi la Usangu limenijaa mpaka masikioni. Kwenye ile filamu ya kutisha niliyokuja kuigiza, mimi ndiye maiti anayefufuka. Leo asubuhi nimelazwa mkekani, nimepakwa majivu usoni, waigizaji wenzangu wakaangua kilio.

Majirani hatukuwa tumewaambia. Waliposikia kilio wakaacha mpunga wao, wakaja na matope miguuni, wanawake wamejitwika kuni na mchele kama watu wanaokwenda msibani. Bibi mmoja akanishika miguu. "Mtoto wa watu," akalia, "na mama yako huko aliko nani atamwambia?"

Nilitaka kuinuka. Mwongozaji wetu akaninong'oneza nitulie, maana kilio kile kilikuwa kizuri kuliko cha waigizaji. Nikatulia, Mama. Machozi ya bibi yananidondokea, mimi nimefumba macho.

Picha ilipokwisha nikainuka. Hakuna aliyekimbia. Bibi akanitazama, akajifuta uso kwa kanga. "Kumbe mzima," akasema. "Lakini mchele wa msiba haturudi nao nyumbani." Wakaupika. Akanipakulia mwenyewe, akakaa karibu yangu mpaka nikamaliza. Sikuweza kumwangalia.

Mungu akutunze mpaka nirudi nikupokee mzigo wa kuni unaojitwika huko nyumbani. Filamu ikifika huko usiende kuitazama. Yule bibi anayelia miguuni pangu haigizi, anakulilia wewe.

Mwanao,
Tumaini